Je, nivumilie kipigo kwa ajili ya watoto?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Niko Tanga. Mume wangu hunipiga usiku watoto wakiwa wamelala, na wao hajawagusa hata siku moja. Hata hivyo, mwanangu wa miaka 7 ameanza tena kukojoa kitandani, na mdogo wake akisikia hodi ya baba yake huacha kula. Wazee wananihimiza nisubiri kwa ajili ya watoto. Je, nikirudi kwetu nitakuwa nimewadhulumu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, hutakuwa umewadhulumu. Watoto hao hawalali, wanasikiliza. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kisha akarudia, na huyo anayeacha tonge sahanini kwa kusikia hodi, wote wawili wanaonyesha hofu wasiyoweza kuisema. Wengine hushtuka usingizini au hurudi nyuma katika masomo, na wako wanaoanza kuwapiga wenzao kama walivyoona nyumbani.

Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake (Muslim). Fatima bint Qays naye alipoposwa na Abu Jahm, Mtume alimtahadharisha kwamba bwana huyo haishushi fimbo begani, akamshauri aolewe na Usama. Basi ikiwa mwanamke aliepushwa na mkono wa namna hiyo kabla hata ya kuolewa, sioni kwa hoja gani wewe uambiwe ukae chini yake, tena kwa jina la watoto ambao ndio wanaoumia. Wanaume wanaoitegemea aya ya 34 ya Suratun Nisaa, inayotaja kumpiga mke, wajue kuwa wanazuoni wamekataza pigo lolote la kuumiza.

Aya ya 35 inaamrisha apatikane mwamuzi kutoka kwenu na mwingine kutoka kwao. Waamuzi hao waelezwe hali ya watoto waziwazi, bila kuona haya. Mumeo asipojirekebisha, peleka shauri BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania); nayo Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mume haki ya kumpiga mkewe. Ukihofia uhai wako, usingoje kikao chochote: ondoka na watoto, uende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Mwanao usimkaripie kwa kukojoa. Mwambie kwa upole kwamba ugomvi huo haukutokana na kosa lake, kwani watoto wa umri huo mara nyingi hujidhania wao ndio sababu.

Wallahu a'lam.