Barazani kwa Shangazi: "Mama, unakwenda kwa nani?"

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 61, mwalimu mstaafu wa historia hapa Tanga, mjane kwa mwaka wa nne sasa. Zaidi ya miaka 30 nimefundisha michoro ya mapangoni ya Kondoa, nikiwachora ubaoni wale watu warefu wembamba, na Kondoa kwenyewe sijakanyaga. Nimeweka vijisenti kando, nataka niende siku 4, peke yangu. Mwanangu wa kiume, anayeishi Dar, kaniuliza, "Mama, unakwenda kwa nani?" Nikamwambia siendi kwa mtu, natembea tu. Akanyamaza, kisha akasema watu watadhani wamenitupa. Binti yangu naye analalamika, mjukuu atabaki na nani? Je, nakosea?
Mwalimu, Tanga

Marahaba, mwalimu, ingawa tukipekua vyeti vya kuzaliwa huenda shikamoo ikawa yangu. Hukosei.

Hilo swali nalijua kwa sura zake zote. Nikiwa na miaka 27 nilifika gesti moja Lushoto magharibi inaingia, na begi langu moja. Mhudumu akanitazama hadi viatuni, akauliza bwana wangu anakuja saa ngapi. Usiku nikagongewa mlango mara mbili na mtu nisiyemjua. Nimerudi Lushoto nina 59. Safari hii nikapokewa begi, nikaitwa bibi, chai ikaja kabla sijaagiza. Nikasema moyoni, kumbe uzee una raha yake. Ndipo kijana wa mapokezi akaniuliza: "Bibi, mwanao anakuja saa ngapi?"

Na hapo katikati, kati ya bwana na mwana? Hapo nilisafiri sana, ila kwa sababu za watu. Harusi, msiba, kuuguza, kumkanda mzazi. Mwanza nimekwenda mara 3, na ziwa nimeliona kupitia dirisha la daladala tu, maana nikishuka naulizwa jiko liko wapi. Hata lugha yetu inatuchongea: mwanamume akisema anatembea, anaona nchi; mwanamke akitembea, watu wanauliza anatembea na nani.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Usiende na basi moja kwa moja hadi Dodoma. Basi likisimama porini watu wachimbe dawa, wanaume wanageukia mti na wamemaliza. Sisi na magoti yetu tunatafuta kichaka na wa kutushikia kanga. Ndiyo maana wengi wetu tunasafiri kutwa bila tone la maji, tukifika kichwa kinapasuka. Tangu 2024 kuna treni ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma, na choo kimo humo humo. Kwa hiyo lala Dar kwa mwanao huyo huyo, akupeleke stesheni asubuhi. Atajiona amekulinda, nawe umeokoa pesa ya gesti.

Dodoma panda gari la Kondoa, ulale mjini. Kolo, kijiji cha kuanzia kwenda kwenye michoro, iko mbele kidogo, kwenye barabara ya Babati. Pitia kwanza ofisi ya hapo upate mwongozaji, na uwahi kabla jua halijawa kali, maana mapango mengine ni ya kupanda mlima. Vaa viatu vya kufunga, si kandambili. Fimbo ukiihitaji ichukue. Anayekucheka hajafika umri wetu. Mahali penyewe pamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, utawakuta wageni kutoka mbali, wengine wazee kuliko wewe, na kamera shingoni.

Kuhusu mjukuu: ana baba? Basi siku 4 si nyingi.

Na mwanao akirudia kuuliza unakwenda kwa nani, mwambie kwa wale warefu wembamba. Umewachora miaka 30, unataka kuona kama uliwapatia.