Maswali ya Wasomaji: Mkoba wa Zana za Pikipiki ya Zamani

SWALI: Shikamooni mafundi. Marehemu baba aliniachia Honda CG125 ya mwaka 1978. Nimeirudisha karibu yote kwenye hali yake, ila mkoba wa zana niliukuta mtupu. Kuna muuzaji Kariakoo ana seti anayoiita orijino kamili. Spana zinang'aa kama kioo na zimeandikwa "Chrome Vanadium". Ninunue?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba. Usinunue. Huo mng'ao ndio unaoisuta seti hiyo. Zana zilizotoka kiwandani pamoja na pikipiki ndogo za Honda miaka ile hazikuwa za kuringia. Zilikuwa za chuma cha kawaida chenye ganda jembamba, za kumtosha mwenye pikipiki kukaza mnyororo na kubadili plagi njiani. Spana nyingi za wakati huo zina neno KOWA au herufi HM pamoja na namba za saizi, na maandishi hayo yamepigwa kwenye chuma chenyewe. Pitisha ukucha juu yake, utayahisi. Maandishi ya leza hayahisiki, na ni ya juzi.

Kabla ya kutoa shilingi, tafuta kitabu cha spea cha modeli yako na mwaka wako. Namba ya spea ya Honda ina mafungu matatu: tarakimu tano, kisha tatu, kisha tatu. Zana nyingi ziko kwenye namba zinazoanza na 89. Fungu la kati linataja modeli ambayo kitu hicho kilitengenezewa mara ya kwanza: 383 ni CG125, 300 ni CB750. Kwa hiyo ukiona kwenye orodha yako spana yenye fungu la kati lisilo 383, usidhani kitabu kimekosea. Mara nyingi Honda waliichukua kutoka modeli iliyotangulia, na hiyo ni nafuu kwako, maana sasa unaweza kuitafuta kwenye mikoba ya pikipiki nyingine pia.

Kusanya kimoja kimoja. Anza na spana ya plagi, kwa sababu ndiyo inayopotea mapema na ndiyo watu wanayokosea zaidi. CG125 inatumia plagi ya D8EA yenye uzi wa milimita 12, na spana yake ni ya 18. Ya 16 ni ya plagi nyembamba kama za Honda C70, na ya 21 ni ya plagi za uzi wa milimita 14, kama za Yamaha nyingi za tu-stroki. Zote tatu zinafanana kwa mbali, na muuzaji wa vyuma chakavu atakuapia kwamba ni ileile. Nenda na venia, kile kifaa cha kupimia upana kwa milimita.

Kinachofuata ni bisibisi. Ya Honda kwa kawaida ni chuma kimoja kinachochomekwa kwenye mpini, upande mmoja bapa na upande wa pili nyota. Nyota ya Kijapani si sawa na nyota ya kawaida ya dukani. Tundu la skrubu ya Kijapani ni fupi kidogo, hivyo ncha ya bisibisi ya kawaida inagota chini kabla mbavu zake hazijashika, kisha inapanda na kula skrubu. Skrubu za Kijapani mara nyingi zina kidoti kimoja kidogo kichwani, ndiyo alama yake. Tena skrubu za milimita 6 za kava la injini zinataka nyota namba 3, na mafundi wengi wanazivamia kwa namba 2. Ndiyo maana CG nyingi mjini zina kava zenye skrubu zilizoliwa.

Neno la pembeni: injini za pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda ni uzao wa CG125. Spana ya plagi ya mkoba wa pikipiki hizo itaingia kwako bila tabu. Itumie barabarani, lakini usiihesabu kuwa ya asili.

SWALI: Ninafufua pikipiki ya BSA M20 ya jeshi. Nimenunua spana za milimita kuanzia 8 hadi 19, lakini nati zinaanza kuliwa kona. Ya 18 inaingia vizuri kabisa, nyingine zinacheza. Tatizo ni spana au nati?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Nati hazina kosa, na hiyo ya 18 ndiyo iliyokudanganya. M20 ni ya Kiingereza na vichwa vya nati zake vinafuata kipimo cha Whitworth, si milimita wala inchi za Kimarekani. Utata wake ni kwamba namba kwenye spana ya Whitworth haitaji upana wa mdomo. Inataja unene wa bolti. Spana iliyoandikwa 1/4W ina mdomo wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3: ya 13 haiingii, ya 14 inacheza na kula kona. Ya 3/16W ni milimita 11.3, ya 5/16W ni 15.2. Ya 3/8W ni inchi 0.710, yaani milimita 18 na chembe tu. Hapo ndipo ya 18 inapokubali, na mtu anaamini kwamba nyingine nazo zitakubali.

Spana hizohizo zinaweza pia kuandikwa BSF, kipimo kingine cha Kiingereza cha uzi mwembamba, na namba inapanda hatua moja: 1/4W ni sawa na 5/16 BSF. Ukikuta spana yenye namba zote mbili, ni saizi moja, si mbili.

Kwa mkoba wa M20 tafuta spana za mdomo za Whitworth, spana ya plagi, bomba la grisi kwa ajili ya foki za mbele, pampu, vyuma vya kubandulia tairi, na ile spana ndogo ya magneto ya Lucas (kifaa kinachozalisha cheche ya plagi) yenye jani la fila, yaani bati jembamba la kupimia nafasi, la inchi 0.012. Hiyo ya mwisho ni ndogo kama funguo ya kufuli na watu wanaitupa bila kujua. Bila jani hilo utaweka nafasi ya kontakti kwa kukisia, na pikipiki itagoma asubuhi.

Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, ya chapa ya King Dick ukiipata usiiache. Lakini pikipiki ya jeshi haikupewa zana za kromu, hivyo usipeleke yoyote kupakwa. Rangi ya chuma iliyofifia na mafuta kidogo juu yake inatosha. Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa wauza vyuma wa kilo, ndiko zinakojitokeza, zimechanganyika na spana za matrekta ambazo nazo ni za Kiingereza. Saizi moja, urefu tofauti. Ya trekta ndefu haitaenea kwenye boksi la zana.

SWALI: Zana nimezipata lakini zina kutu. Nizichovye kwenye siki?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Inategemea kama zinki, lile ganda la kijivu linalokinga chuma na kutu, bado ipo. Siki inakula kutu, ila inakula zinki haraka zaidi, na asubuhi utakuta spana nyeusi isiyo na ganda. Kama bado kuna sehemu zenye kijivu cha zinki, loweka kwenye mafuta ya taa siku mbili, sugua kwa brashi ya shaba, basi. Siki ni ya chuma kilicho uchi: usiku mmoja, kisha suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha palepale juani na paka oili. Ukichelewa dakika kumi kwa unyevu wa hapa pwani, kutu ya njano inarudi.

Ukipeleka zana kwa fundi wa kupaka zinki kwa umeme, mwambie azioke kwenye joto la nyuzi 190 hivi kwa saa kadhaa mara baada ya kuzipaka. Haidrojeni inaingia kwenye chuma kigumu wakati wa kazi hiyo, na spana isiyookwa inaweza kukatika mkononi kama biskuti.

Mkoba wa plastiki wa asili uhifadhi, lakini usifungie zana ndani yake masika yote. Unatoa jasho. Zifunge kwanza kwenye kitambaa cha pamba chenye oili ya gia, na kila baada ya wiki tatu au nne zifungue zipigwe na hewa.