Kubadili sailensa ya nyuma mwenyewe nyumbani, kutu ndio kazi yenyewe

Mkuu umesema gari imeanza kunguruma ukikanyaga mafuta, umechungulia nyuma ukakuta sailensa imetoboka karibu na mshono, fundi anataka achomelee kiraka, na wewe unajiuliza kama unaweza kununua kipande kizima cha nyuma ukafunga mwenyewe kwa jeki na seti yako ya spana. Unaweza, tena vizuri tu. Nimeshafunga hizi kwenye magari kadhaa nikiwa nimelala chali kwenye sakafu, bila lifti bila shimo, na nakwambia kabisa kufunga mpya ni kazi nyepesi, jasho liko kwenye kutoa ile ya zamani. Kwa hiyo huko ndiko nitakaa zaidi.

Kwanza hicho kiraka, mimi siungi mkono. Sailensa inaoza kuanzia ndani. Petroli ikiungua inatoa maji, lita moja ya petroli inazaa karibu lita moja ya maji ambayo yanatoka kama mvuke, sasa ule mvuke ukifika huku nyuma ambako bomba limepoa unarudi kuwa maji, yanachanganyika na gesi za moshi yanakuwa na tindikali, halafu yanatuama chini ya sailensa. Gari inayopiga safari ndefu sailensa inapata moto yanakauka, ila gari ya safari fupi fupi haipati joto la kutosha, maji yanalala humo humo, ndio maana sailensa ya nyuma inaoza wakati mabomba ya mbele bado yako imara. Kwa hiyo ukishaliona tundu kwa nje jua bati lililolizunguka nalo limebaki jembamba kama karatasi, ukilichomelea linayeyuka ukingoni, na hata kiraka kikishika litatoboka pembeni yake. Ila kama unachokiona ni katundu kadogo ka duara safi upande wa chini kabisa, sailensa nyingi zinatoka nako kiwandani ili maji yapate pa kutokea, hako kaache usikazibe.

Na usiichukulie kama shida ya kelele tu. Moshi wa eksozi una kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, ikivuja chini ya buti inapenya kwenye raba za mlango wa nyuma na matundu ya bodi mpaka kwa waliokaa siti ya nyuma. Mpaka utakapobadilisha tembea na vioo wazi na buti limefungwa vizuri, na kama kuna watoto wanakaa nyuma mimi ningeiegesha kabisa.

Kabla hujanunua hakikisha ni nyuma kweli. Gari ikiwa ya baridi iwashe, mtu azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene sekunde chache, wewe uko pembeni umechuchumaa unasikiliza, pale panapovuja patapiga mluzi au pafpaf. Angalia pia masizi meusi kwenye maungio, palipo na masizi pameshavuja siku nyingi. Halafu angalia kipande chako kimeungwaje na cha mbele, kuna magari yana flenji (yale masahani ya chuma kwenye ncha za bomba yanayobanwa pamoja) na bolti mbili na gasketi katikati, hayo raha, na kuna mengine bomba ni moja limeshuka toka kwenye masega (kile kisafisha moshi, katalitiki) mpaka nyuma, hapo sailensa mpya inakuja na kipande kifupi cha bomba na itabidi ukate. Pima unene wa bomba kwa nje, hesabu hanga (zile nondo na raba zinazoitundika sailensa kwenye bodi) ziko ngapi, na ukishanunua ilaze mpya chini ya gari sambamba na ya zamani uzilinganishe mikunjo kabla hujagusa nati hata moja. Sio kila kilichoandikwa jina la gari yako kinaingia kwenye gari yako.

Pamoja na sailensa nunua gasketi mpya, bolti na nati mpya, na raba zote za hanga. Usirudishe gasketi ya zamani hata kama inaonekana nzima, ile ikishabanwa na kuchomwa mara moja basi.

Kuinua gari. Hapa nakuomba usikilize. Magari mengi handibreki inabana matairi ya nyuma, na wewe unainua nyuma, maana yake ukishainua handibreki haizuii kitu. Kinachoizuia gari isitembee ni vizuizi ulivyoweka matairi ya mbele, mbele na nyuma ya kila tairi, halafu ndio gia iwe P au gia ya kwanza kama ni manyuo. Sakafu iwe ngumu na bapa, sio udongo. Jeki ni ya kuinulia tu, kulala chini unalala gari ikiwa imekaa kwenye stendi mbili, na kabla hujaingia itikise bodi kwa nguvu, kama itaanguka ianguke ukiwa nje. Stendi ziweke chini ya bodi pale kwenye sehemu za kupigia jeki na sio chini ya ekseli, iache ekseli ining'inie, nitakuambia baadaye kwa nini. Vaa miwani ya kazi, yaani hii sio hiari, ukigonga tu kitu huko chini kutu inamwagika usoni. Na eksozi iwe imepoa kabisa, masega yakiwa kazini yanapita nyuzi 400 na yanachukua muda kupoa.

Sasa nati. Usiku uliotangulia lala chini pale, piga brashi ya waya kwenye nyuzi za bolti zilizochomoza mpaka uone chuma, kisha pulizia mafuta ya kulegeza kutu, uache, asubuhi rudia tena. Watu wengi wanapulizia wanavuta spana hapo hapo, mafuta hayajaingia popote, bolti inakatika wanasema mafuta ni feki. Yape muda. Asubuhi chukua boksi spana ya kona sita, sio ya kona kumi na mbili maana hiyo inashika ncha tu za nati na ncha zenyewe zimeliwa na kutu. Utakuta nati iliyokuwa ya 14 imeisha pembeni mpaka 14 inacheza, hapo chukua 13 uigonge kwa nyundo mpaka ikae imekaza, ndio uvute. Usianze kwa kufungua, anza kwa kukaza kidogo tu, unasikia kak! ndogo, hiyo ndio kutu imeachia, sasa fungua robo mzunguko, rudisha, pulizia, fungua nusu, rudisha. Ukiona mpini unavutika kama mpira bila ile kak, simama, bolti inajinyonga inataka kukatika.

Kama flenji ni ya bolti za kupita moja kwa moja, kukatika sio msiba, tena mimi mara nyingi nazikata kwa makusudi, nati imekataa nachukua msumeno wa chuma napiga kati ya flenji mbili au naipasua nati kwa tindo, si umeshanunua mpya? Tatizo ni pale bolti zimeota kwenye flenji ya upande wa masega. Hizo zikikatika utatoboa kwa drili, kwa hiyo hizo ndio za kuzibembeleza zaidi. Moto wa gesi unasaidia sana kwenye nati ila huku nyuma tanki la mafuta liko hapo jirani, na hayo mafuta ya kulegezea yenyewe yanawaka, nyumbani achana na moto. Grainda nayo cheche zake zinaruka mbali, karibu na tanki na mabomba ya plastiki tumia msumeno wa mkono, taratibu lakini salama.

Kabla hujaachanisha flenji, funga kipande cha mbele kwa waya kwenye bodi au kiwekee kigogo chini. Kikiachwa kining'inie uzito wote unaenda kwenye ile fleksi ya mbele (kipande cha bomba kinachopinda), na fleksi ikipasuka umejiongezea kazi nyingine.

Raba za hanga zina ubishi wake. Raba ina matundu mawili, moja limeshika kwenye bodi moja kwenye sailensa, na ncha ya ile nondo imetuna kidogo ili isichomoke yenyewe. Pulizia maji ya sabuni au silikoni, usipake grisi wala oili kwa zile utakazobakiza maana zinaivimbisha raba. Zungusha raba kwanza mpaka iteleze kwenye nondo, halafu isukume kwa bisibisi pana huku unaipinda, usiivute moja kwa moja utachoka bure. Kama unaweka mpya zote, kisu tu, kata. Anza na za mbele malizia na ya nyuma kabisa, na mtu wa pili aishike sailensa, inakuwa nzito kuliko inavyoonekana, hasa ikiwa na maji ndani.

Kama bomba linapita juu ya ekseli ndio utaona faida ya kuiacha ekseli ining'inie, pale katikati panafunguka nafasi na bomba linapita kwa kulizungusha. Bila hiyo utaishia kulikata la zamani, ambalo sawa, lakini jipya utaliingizaje?

Kwa wale wa kukata: weka alama baada ya kulinganisha na mpya, na kumbuka bomba moja linaingia ndani ya jingine kama sentimita 4 au 5, kwa hiyo ukikata mwisho kwa mwisho umelikata fupi. Bora libaki refu, utapunguza. Kata likiwa limenyooka, piga msasa kwa nje, paka pesti ya eksozi, ingiza klempu (kile kibano cha kulizunguka bomba) kwanza halafu ndio uingize bomba.

Kufunga sasa. Tundika sailensa kwenye raba zote, weka gasketi, ingiza bolti kwa mkono, usikaze kitu. Kila kitu kiwe kinacheza. Kisha toka nje angalia mdomo wa bomba umekaa katikati ya nafasi yake kwenye bampa, rudi chini angalia umbali kati ya bomba na ekseli, bodi na lile beseni la spea tairi, angalau vidole viwili kila mahali, na kumbuka ekseli imeshuka, gari ikikaa chini itapanda juu kulifuata bomba. Ukiridhika ndio unakaza, kuanzia mbele kurudi nyuma, bolti mbili kwa zamu kidogo kidogo ili flenji ikae sawa. Zile flenji zenye springi na gasketi ya duara, bolti inafika mahali inagota, ishia hapo, springi inatakiwa ibaki na nafasi ya kucheza.

Shusha, washa, rudia kipimo cha kitambaa. Maji ya sabuni kwenye maungio yanaonyesha povu kama panavuja. Itatoa moshi na harufu kwa dakika kadhaa za mwanzo, ni mafuta ya kiwandani yanaungua, fanyia nje sio ndani ya banda. Piga sailensa kwa ngumi ikiwa bado ya baridi, ikigonga popote legeza urekebishe. Baada ya siku mbili tatu za kutembea, ikiwa imepoa, pita na spana tena kwenye flenji na klempu, utakuta imekubali kukaza kidogo.

Tuma picha ya pale kwenye maungio nikuambie yako ni ya flenji au ya kukata.