Majibu kwa Wasomaji: Bei ya Michezo ya Mkononi

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa darasa la saba ameniomba mashine ya michezo ya video ya kushika mkononi. Fundi simu mmoja hapa Kirumba anayo Nintendo Switch iliyotumika, ila mchezo mpya mmoja tu anautajia bei inayokaribia kodi yangu ya mwezi. Je, wachezaji hulipa kweli fedha hizo? — Mama, Mwanza.

JIBU: Hulipa, dada yangu, lakini si kila bei. Mwaka 2011 Nintendo ilitoa mashine yake ya kushika mkononi iitwayo 3DS kwa dola 249.99 nchini Marekani. Wanunuzi wakasita, na kabla ya miezi sita kupita kampuni ikaishusha hadi dola 169.99. Wakati huo michezo mingi ya simu iliuzwa kwa dola moja au kutolewa bure, kwa hiyo dola 40 za mchezo mmoja wa 3DS zilionekana nyingi mno. Hata hivyo, Switch ilipotoka mwaka 2017, watu walilipa dola 59.99 kwa michezo yake mikubwa, kwa kuwa mchezo ulioanzwa kwenye televisheni sebuleni uliweza kuendelea mkononi safarini.

Kwako wewe, naona jambo kubwa ni kile kijikadi chenye mchezo ndani, kinachochomekwa kwenye Switch, chenye ukubwa wa stempu hivi: kinaweza kuuzwa tena, ilhali mchezo uliopakuliwa kwa intaneti hubaki kwenye akaunti ya aliyeununua. Muulize fundi kama anavyo vilivyotumika, na kila kimoja kichomekwe, ukione kikifunguka, kabla hujatoa fedha.