Kilo 46 Zilezile: Majibu kwa Wasafiri Kuhusu Mizigo ya Ndege

Swali: Binti yetu alikuwa anakwenda kusoma Marekani. Tiketi yake iliandikwa 2PC, tukaambiwa ni kilo 23 mara mbili. Nyumbani tulipima sanduku moja likawa kilo 30, la pili kilo 16. Jumla ni 46, hatukuzidisha hata kilo moja. Kaunta wakadai ada ya uzito uliozidi. Je, hatukuonewa? – Mama wa Likoni, Mombasa

Jibu: Hamkuonewa, Mama, ila mlistahili kuelezwa hesabu hii siku mliyokata tiketi.

Mashirika ya ndege yana njia mbili za kuhesabu mzigo. Ya kwanza ni kwa kilo: ukiona 30K au 30KG kwenye tiketi, ni kilo 30 kwa jumla, uzigawe upendavyo. Ya pili ni kwa vipande, na safari za Marekani na Kanada huhesabiwa hivyo. Hapo 2PC maana yake ni mizigo miwili, kila mmoja na kikomo chake. Kwa daraja la kawaida kikomo huwa kilo 23, yaani paundi 50. Kilo 7 zilizobaki kwenye sanduku dogo hazihamii kwenye kubwa, hata kama yote mawili ni ya mtu mmoja. Ukiona 0PC, hakuna kabisa mzigo wa bure wa kwenda chini ya ndege. Tiketi nyingi za bei ya chini siku hizi ziko hivyo.

Kwa mashirika mengi yanayohesabu vipande, ada ya kati ya kilo 23 na 32 ni moja. Sanduku la kilo 25 hulipa sawa na la kilo 32. Kwa hiyo mkilazimika kulipa, lijazeni lile moja na kulipunguza la pili. Lakini msivuke 32, kwani hicho ndicho kikomo cha sanduku moja karibu kila mahali. Kimewekwa kulinda migongo ya wapakizi, na kulipa zaidi hakukiondoi. Vipimo navyo huangaliwa: urefu, upana na kina vikijumlishwa visizidi sentimita 158, magurudumu na mpini vikiwemo. Futi ya fundi cherehani inatosha kupimia. Ada hizi hurundikana. Sanduku la tatu ambalo pia ni zito na kubwa mno linaweza kutozwa mara tatu: kwa kuwa la ziada, kwa uzito na kwa ukubwa.

Mngeweza kuomba kusogea pembeni, kufungua masanduku na kuhamisha kilo 7. Hilo linaruhusiwa maadamu mzigo haujapokelewa, na kilo 46 zilezile zingepita bure. Wakati mwingine pimeni kwa mizani ya kuning'iniza. Kama hamna, mtu apande kwenye mizani ya kujipimia mikono mitupu, kisha apande amebeba sanduku, mtoe tofauti. Lengeni kilo 22, kwa sababu mizani ya nyumbani na ya uwanjani hazikubaliani sikuzote. Mpime pia sanduku tupu: la plastiki ngumu lenye magurudumu manne hula kilo 4 au 5 kabla ya kuweka hata kanga.

Wanaosafiri kwa tiketi ya kilo wana nafuu nyingine. Katika mashirika mengi, familia iliyokatiwa tiketi kwa pamoja inaweza kujumlisha kilo zake. Watu wanne wenye kilo 30 kila mmoja wana 120, ilimradi waende kaunta pamoja na hakuna sanduku linalopita 32.

Swali: Nimekata tiketi mbili kwa sababu ilikuwa nafuu: Mwanza hadi Dar es Salaam kilo 23, kisha Dar hadi Muscat kilo 30. Nikiwaonyesha Mwanza ile ya Muscat, wataniruhusu 30? – Msafiri, Nyamagana

Jibu: Usitegemee. Tiketi mbili ni mikataba miwili, na shirika la kwanza halifungwi na ahadi ya la pili. Wapo wanaokubali kwa hisani, lakini hisani ya kaunta hubadilika na zamu. Kilo 7 zinazozidi zinunue mtandaoni kabla ya siku ya safari. Kwa kawaida bei ya mtandaoni ni ya chini kuliko ya kaunta, na dirisha hilo hufungwa saa kadhaa kabla ya ndege kuondoka. Kabla ya kulipa, jumlisha tiketi zote mbili na hizo kilo, halafu ulinganishe na bei ya tiketi moja ya Mwanza hadi Muscat. Mara nyingi ile nafuu hupotelea hapo.

Jambo la pili ni kwamba mzigo wako utaishia Dar. Utauchukua kwenye mkanda na kwenda kuupimisha upya, basi jiachie angalau saa nne. Kama makutano ya tiketi mbili yako nchi ya tatu, hatari ni kubwa zaidi: kuufuata mzigo ni kupita uhamiaji, na huenda ukahitaji viza ya nchi ambayo hukukusudia kuingia.

Swali: Mwanangu yuko Hamburg. Ameagiza maembe, dagaa wa Kigoma, nyama kavu, samli na nazi. Kilo zipo. Vitapita? – Bibi wa wajukuu watatu, Tanga

Jibu: Shikamoo, Bibi. Nyama na samli viache. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama, maziwa wala vinavyotokana na maziwa, hata viwe vimepikwa na kufungwa vizuri. Vikikutwa hutwaliwa, na faini inaweza kufuata.

Dagaa wanapita. Samaki kwa matumizi ya nyumbani wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu mmoja. Asali pia inaruhusiwa, hadi kilo 2. Maembe ndiyo yanayowaponza wengi. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 matunda yanayoingia huko yanahitaji cheti cha afya ya mimea, hata embe moja la kula njiani, kwa kuogopa nzi wa matunda na wadudu wengine. Matunda matano tu ndiyo yaliyosamehewa cheti: nanasi, nazi, ndizi, doriani na tende. Basi nazi zako ni halali, lakini zifuliwe kwanza. Sita zilizofuliwa zina kilo 3 hadi 4, na makumbi yangeongeza uzito bure.

Dagaa wakaushwe barabara, wafungwe kwenye karatasi, kisha watiwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza. Harufu ikishaingia kwenye nguo za sanduku zima, haitoki kwa kufua mara moja. (Uingereza ina orodha yake ya matunda, msitumie hii.)

Swali: Pawabenki yangu ni ya 20,000. Niiweke kwenye sanduku? – Mwanafunzi, Kampala

Jibu: Hapana, iwe mkononi daima. Betri ya lithiamu ikiwaka moto ndani ya ndege, wahudumu wanaweza kuufikia moto wa juu, si wa chini kwenye mizigo. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Gawa 20,000, yaani mAh zilizoandikwa juu yake, kwa 1,000, zidisha kwa volti 3.7, unapata 74: inaruhusiwa. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika, na zaidi ya 160 hairuhusiwi kabisa. Isiyo na maandishi ya uwezo wake inaweza kuzuiwa. Na ikiwa mlangoni mwa ndege watakunyang'anya begi la mkononi ili liende chini kwa kukosa nafasi, itoe kwanza pawabenki. Hapo ndipo wengi husahau. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, wanaruhusu moja tu kwa abiria, na ni marufuku kuitumia angani.

Swali: Narudi nyumbani moja kwa moja kutoka Dubai na nimezidisha kilo 40 za vyombo na mablanketi. Nilipie uwanjani au nitume kwa kago? – Fundi, anatokea Arusha

Jibu: Kwa kilo 5 au 10, lipia kwenye ndege yako, tena mapema. Kwa 40, ulizia kago, lakini tenganisha sufuria na mablanketi. Kago ya ndege hulipiwa kwa uzito wa mizani au uzito wa ukubwa, ule ulio mkubwa. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 50 linatoa 25. Likiwa na mablanketi ya kilo 14, bado utalipa 25. Vyuma viende kago, mablanketi yabanwe ndani ya masanduku yako au yasubiri meli. Ukiuliza bei, usiridhike na bei ya kilo. Uliza hati, wakala wa forodha, na siku ngapi za ghala ni bure, kwani ghala ndilo humaliza akiba ya mtu.

Swali: Sanduku langu halikutoka kwenye mkanda. Nina haki gani? – Msomaji, Zanzibar

Jibu: Usitoke kwenye ukumbi kabla ya kufunguliwa ripoti, ile wafanyakazi wanayoiita PIR. Namba yake ina herufi tano na tarakimu tano, herufi tatu za mwanzo zikiwa za uwanja. Ipige picha pamoja na stika ya mzigo uliyopewa ulikotoka.

Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unakupa muda maalumu. Sanduku lililovunjika: andika malalamiko ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Lililochelewa: siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipoonekana kwa siku 21, unaweza kudai kama lililopotea. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2. Fidia ina kikomo cha SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria tangu tarehe 28 Desemba 2024, takriban dola 2,000, na ni juu yako kuonyesha hasara. Risiti ya mswaki na nguo ulizonunua wakati wa kungoja itunze. Mwenye vitu vya thamani zaidi ya hapo anaweza kutamka thamani kwenye kaunta na kulipia nyongeza kabla mzigo haujapokelewa. Dhahabu, fedha taslimu na dawa zisiende chini hata kwa tamko.