Programu ya kufuatilia matumizi: itazame kwa macho ya mtu anayetoa hela kwa wakala

Programu nyingi za bajeti zinazosifiwa mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayelipa kila kitu kwa kadi. Anaunganisha akaunti ya benki, miamala inaingia yenyewe, basi. YNAB ya Marekani inawafaa sana watu wa namna hiyo, ila ni dola 109 kwa mwaka, zaidi ya laki mbili na nusu za kwetu, na benki zetu haziungani nayo. Utalipa, halafu utaandika kwa mkono vilevile. Hapa Dar mshahara unaingia benki, unahamia kwenye simu, unatolewa kwa wakala, unaishia mfukoni. Programu isiyoweza kufuata safari hiyo haikufai, hata iwe na nyota tano.

Kwa hiyo ninachotazama kwanza ni kama inakuruhusu kuwa na akaunti kadhaa na kuhamisha hela kati yake. Tuseme umetoa elfu hamsini. Ukiiandika kama matumizi, jioni ukaandika tena nyanya, mkaa na nauli, hela ileile umeihesabu mara mbili. Usipoandika nyanya na mkaa, mwisho wa mwezi utaambiwa tu kwamba ulitoa hela, na hilo ulikuwa unalijua. Hamisha 50,000 kutoka akaunti ya "simu" kwenda akaunti ya "mkononi", kisha makato yaandike peke yake kama matumizi. Money Manager na Monefy zinaweza kazi hiyo. Na hayo makato yape fungu lao, usiyafiche kwenye "mengineyo". Mimi nilipoyaona yamejipanga pamoja ndipo nilipoacha kutoa elfu kumi kumi, kwa sababu kiasi kidogo ndicho kinachokatwa sana ukilinganisha na hela yenyewe.

Mafungu lazima uweze kuyatunga mwenyewe. LUKU, bando, hela ya nyumbani kwa mama, mchango wa harusi: haya huyakuti tayari, na ndiyo yanayobeba mwezi. Kikoba kinahitaji uangalifu zaidi. Hisa unazonunua ni hela yako bado, zifungulie akaunti uhamishie huko. Mfuko wa jamii ndio uandike kama matumizi, maana haurudi. Ukivichanganya utajiona mfujaji mwezi ambao kumbe umeweka akiba vizuri kuliko yote.

Iwe pia nyepesi. Kama kuandika nauli kunadai kurasa nne, au hadi uwe na bando, ndani ya wiki utakuwa umeiacha.

Sasa suala ambalo naomba ulichukulie kwa uzito wote: ruhusa. Zipo programu zinazoomba kusoma meseji zako ili zichukue miamala ya simu zenyewe. Inavutia, najua, kazi yote inakwisha. Lakini kwenye meseji hizohizo ndimo zinamoingia namba za siri za kuthibitisha benki, na salio lako, na majina ya unaowatumia hela. Programu ya kuandika matumizi haina sababu yoyote ya kutaka orodha ya namba za watu wako. Ikiomba hizo, na pembeni kuna kitufe cha "kopa sasa", iondoe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni, na watu wengi wameshaona ndugu zao wakitumiwa meseji za kudaiwa deni lisilo lao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini ni rahisi zaidi kutotoa ruhusa kuliko kwenda kulalamika baadaye.

Mwisho, hakikisha unaweza kutoka nayo. Programu ya bajeti ya Mint ilikuwa na mamilioni ya watumiaji Marekani, na Machi 2024 ikafungwa. Kwa hiyo kabla hujajaza mwezi mzima, andika matumizi ya siku mbili tatu, toa faili la Excel au CSV, lifungue, uangalie kama tarehe, kiasi na fungu vimetoka sawasawa. Kama sehemu hiyo inataka malipo, ujue bei yake tangu mapema.