Soketi zimekufa, taa zinawaka: kabla hujapasua ukuta, tafuta ya mwisho iliyo hai

Mkuu, nimekusoma. Soketi tatu za sebuleni na moja ya chumba cha watoto zimezimika kwa mpigo, taa na feni ziko sawa, breka zote ziko juu. Fundi kaja, kachomeka testa (ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme), ikawaka, akakwambia waya umeoza ndani ya ukuta na inabidi kufumua upitishwe mpya. Usimpe hata advansi kwanza. Haya haya yalinikuta mimi nikiwa nimepanga Mbagala, na nusura nitoe laki nne kwa ajili ya skrubu moja iliyolegea.

Ilikuwa Jumapili jioni, mke wangu anapiga pasi sare za watoto. Pasi ikapoa mkononi, TV nayo ikazima. Wazo la kwanza likawa LUKU imeisha, lakini taa ya sebuleni inawaka vizuri tu. Nikaenda kwenye DB, lile boksi la breka, hakuna breka iliyodondoka. Jikoni friji linanguruma kama kawaida. Kesho yake akaja kijana mmoja fundi, akafanya kama huyo wako: testa ikawaka, akatikisa kichwa, "Mzee, hii wayaringi imechoka." Nikamuuliza, kama moto unafika, kilichochoka ni nini? Akasema umeme unafika lakini "hauna nguvu". Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka, ingawa na mimi sikuwa na jibu.

Aliyenitoa gizani ni mzee wa mtaa wa pili, fundi wa zamani. Kabla hajatoa bisibisi akaniuliza: "Soketi ipi inafanya kazi iliyo jirani na hizi zilizokufa?" Sikujua. Akanipa taa ya mezani na daftari, akanituma nizunguke nyumba nzima nichomeke kila soketi, niandike hai au mfu. Dakika kumi tu. Na wewe nakushauri uanze na hiyo ramani, maana haihitaji kufungua chochote.

Sababu yake ni hii. Kwenye nyumba zetu nyingi waya hautoki kwenye DB kwenda kila soketi peke yake. Unatoka kwenye breka, unaingia soketi ya kwanza, unatoka hapo unaenda ya pili, ya tatu, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Soketi zinapitishiana umeme kama watu waliopanga mstari wanapeana tofali. Mmoja akiangusha, wote walio mbele yake wanabaki mikono mitupu. Kwa hiyo zikifa nne kwa pamoja, usidhani zimeharibika nne. Kuna sehemu moja mstari umekatika, na mara nyingi sehemu hiyo iko ndani ya soketi ya kwanza kufa, au ndani ya ile ya mwisho iliyo hai. Ukutani katikati, ambako waya mzima umelala ndani ya bomba, ni nadra sana, isipokuwa kama mtu kapiga msumari wa kuning'iniza picha au kutoboa kwa ajili ya stendi ya TV. Panya kwenye dari nao wapo, siwasahau.

(Kuna nyumba zimefungwa kwa ringi, waya unaondoka kwenye breka, unazunguka soketi zote na kurudi pale pale. Huko mkato mmoja hauui soketi, zinaendelea kulishwa kutoka upande wa pili. Zikifa kundi zima, ama si ringi kweli, ama imekatika mara mbili.)

Sasa suala la testa, maana hapo ndipo watu wanapopigwa. Testa ya bisibisi inakwambia kitu kimoja tu: hapa kuna moto. Haikwambii kama njia ya kurudi ipo. Umeme unakuja kwa waya wa moto na kurudi kwa nyutro. Nyutro ikikatika, moto utaendelea kufika kwenye soketi, testa itawaka kwa furaha zote, na hakuna kitakachofanya kazi. Ukiitazama soketi yetu ya matundu matatu, tundu la ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) likiwa juu, moto uko kulia na nyutro kushoto. Yule mzee alichomeka TV yangu upande mmoja wa soketi dabo iliyokufa, akaiwasha, kisha akapima upande wa pili. Kulia, testa ikawaka. Kushoto, ikawaka pia! Mimi nikashtuka, nikadhani kuna shoti. Yeye akacheka. Akasema moto umeingia kwenye TV, umepita ndani, umetoka upande wa nyutro, umekuta njia imefungwa, basi umesimama pale pale unasubiri. Akachomoa TV, akapima tena: kushoto testa haikuwaka.

Ukiona hivyo, tatizo ni nyutro iliyokatika kabla ya soketi hiyo. Mwenye multimita, kile kipimo kinachosoma volti, anaweza kuhakikisha: moto kwa ethi inasoma kama volti 230, lakini moto kwa nyutro inasoma namba isiyoeleweka, inayopanda na kushuka. Na elewa hatari yake. Soketi "iliyokufa" ya namna hii inaweza kukuua, kwa sababu mkato uko upande wa kurudi na moto uko pale pale. Hata waya wa nyutro, ule mweusi unaodhani ni salama, unakuwa na umeme kama kuna kitu kimechomekwa na kimewashwa mahali fulani mbele yake. Usiruhusu mtoto, wala shemeji anayejiita fundi, aingize msumari kwenye tundu la ethi ili kufungua vile vidirisha vinavyoziba matundu mawili ya chini.

Turudi kwenye ramani yangu. Mfu zilikuwa nne: tatu sebuleni, moja chumbani. Sebule na jikoni vinatenganishwa na ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta ule, nyuma ya friji, kulikuwa na soketi ambayo hatukuwahi kuitazama tangu tuhamie. Ilikuwa hai. Mzee akagusa kifuniko chake kwa mgongo wa kidole akasema, "Huyu hapa." Kilikuwa na uvuguvugu. Akapima kwanza kwenye soketi nyingine iliyo hai kuhakikisha testa yake yenyewe ni nzima, tukazima meinswichi, akapima tena kuhakikisha hapa hakuna moto, ndipo akafungua. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka kabla hata hajavuta soketi nje. Waya mbili nyeusi za nyutro, unaoingia na unaoendelea sebuleni, zilisokotwa zikaingizwa tundu moja, na skrubu iliuma mmoja tu. Ule wa pili ulikuwa umechomoka, ncha yake imekuwa nyeusi na kukatika katika kama njiti ya kiberiti iliyowaka, na ganda lake limerudi nyuma kama sentimita mbili.

Friji lilikuwa linafanya kazi kwa sababu waya unaoingia ulikuwa bado umebanwa. Yaani soketi iliyowaua wenzake yenyewe ilikuwa nzima. Ndiyo maana yule kijana angeweza kufungua zile nne za kwangu mchana kutwa asione kitu, na angeishia kwenye ukuta.

Na kwa nini iungue? Pasi ya wati 2000 kwenye volti 230 inavuta karibu amp 9. Amp zote hizo za sebuleni zilikuwa zinarudi kupitia kile kiungo kilicholegea nyuma ya friji. Kiungo kikilegea kinapata joto, joto linakilegeza zaidi, na breka haijui lolote, kwa kuwa kwake yeye amp 9 ni mzigo wa kawaida. Breka hushuka kwa shoti au mzigo kupita kiasi, haioni skrubu iliyolegea. Ndiyo maana zako zote ziko juu.

Mzee akakata sehemu iliyoungua hadi akapata shaba inayong'aa, akafunga soketi mpya, akabana, kisha akavuta kila waya mmoja mmoja kwa mkono kuona kama utatoka. Soketi na ufundi havikufika elfu thelathini. Baadaye nikamwomba azikaze zote za nyumba, akakuta nyingine mbili zimelegea.

Kabla ya yote hayo lakini, hakikisha mambo madogo. Jaribu na kifaa kingine unachojua ni kizima, maana plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani na ikiungua utalaumu soketi bure. Angalia kama swichi ndogo ya soketi yenyewe imebonyezwa, na ibonyeze mara kadhaa, kwani ikichoka inalegea na kugoma. Kwenye DB, breka zote ziwe juu kweli: kuna zinazosimama katikati, huzijui mpaka uzishushe kabisa ndipo uzipandishe. Na kama kuna ile breka pana yenye kitufe cha kujaribia, ile inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, nayo itazame. Kwenye nyumba nyingine inalinda soketi peke yake, ikidondoka taa zinabaki zinawaka. Ikigoma kupanda, chomoa kila kitu kwanza, ukianza na pampu ya maji na soketi ya nje iliyonyeshewa.

Kitu kimoja nakusihi ukikatae hata kwa bei ya bure. Kuna mafundi wakiona nyutro haipo, "wanaazima" ethi: wanaunganisha tundu la nyutro na waya wa kijani, TV inawaka, mnashangilia, anachukua hela yake. Siku huo waya wa ethi ukilegea, mabati yote ya vifaa vilivyoungwa nao, mwili wa friji, pasi, mashine ya kufulia, yanakuwa na moto. Fundi akitaja jambo hilo, msindikize mlangoni.

Na kama nyumba yako ina fezi tatu (waya tatu za moto zinazoingia badala ya mmoja) na unaona taa za upande mmoja zimekuwa kali ajabu huku za upande mwingine zimefifia, acha kabisa habari za soketi. Hiyo ni nyutro kuu inayoachia, na inaunguza vifaa kwa dakika chache. Zima meinswichi na upige simu ya dharura ya TANESCO.

Kufungua usifungue mwenyewe kama hujazoea. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, umpe ramani yako, na umwambie aanze na soketi ya mwisho iliyo hai. Nyumba ikiwa ya kupanga, mwenye nyumba ndiye alipe.

Sasa nijibu mawili: nyuma ya ukuta wa sebule yako kuna chumba gani, na ndani yake kuna soketi iliyofichwa na kabati au friji? Ishike kifuniko kwa mgongo wa kidole, uniambie kama kina uvuguvugu au harufu ya kuungua.